Muulize Fundi Umeme: Nimeweka LED, sasa indiketa zinakimbia kama zinafukuzwa

Nadhani kuna mzigo wa globu za LED (zile zisizo na uzi, zinazokula umeme mdogo) umeshuka hapa Kigoma, maana toka mwezi uliopita maswali mengine yamekufa kabisa, watu ni LED, LED, LED. Nimechukua manne. La kwanza nalijibu kwa kirefu kwa sababu ndo lenye mambo, mengine tutaenda nayo mbiombio.

Swali: Fundi shikamoo. Mi nina Noah napiga Kasulu-Kigoma na abiria. Globu za indiketa zilikuwa zinanisumbua hasa ile ya nyuma kushoto, naweka mpya haimalizi wiki mbili imeungua. Nikachoka, nikanunua LED nne kwa jamaa pale Mwanga, akaniambia hizi utazeeka nazo. Kufunga tu, indiketa zikaanza kupepesa haraka haraka kama jicho lililoingia mchanga. Nikaenda kwa fundi mwingine akafunga vidude vya rangi ya dhahabu kule nyuma, zikatulia, nikafurahi nikajua yameisha. Juzi nimepata pancha kabla ya kufika Kidahwe, nikawasha hazadi (indiketa zote kwa pamoja) kama nusu saa hivi wakati tunabadilisha tairi, nasikia harufu ya plastiki inaungua. Kufungua nakuta maganda ya waya yameyeyuka na plastiki ya nyuma ya taa imebonyea. Sasa nirudishe globu za zamani au nifanyeje? Na kwa nini zilikuwa zinaungua? – Dereva wa Noah, Kasulu

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole, ila shukuru Mungu mlikuwa nje ya gari na pua zenu zinafanya kazi.

Tuanze na hiyo kupepesa haraka, maana hapo ndo watu wengi wanapoliwa hela. Ukiona vile unadhani LED ni feki au gari limeharibika. Gari lako halina ubaya wowote, limedanganywa tu. Kuna kidude kinaitwa flasha, ndo kile kinacholia tik tak ukiwasha indiketa, kazi yake ni kukata umeme na kuurudisha, na kwa kanuni za kimataifa za magari inatakiwa indiketa iwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Sasa waliotengeneza flasha walijiuliza, huyu dereva amekaa mbele, atajuaje globu ya nyuma imeungua? Wakaipa flasha akili kidogo, ya kupima umeme unaopita ndani yake. Chukua upande mmoja wa gari kama lako: globu ya mbele wati 21, ya nyuma wati 21, na ile ndogo ya ubavuni wati 5, jumla 47, gawa kwa volti 12 unapata karibu ampea 4. Flasha imezoea hiyo 4. Globu moja kubwa ikifa inabaki ampea 2 na kidogo, flasha inajua huku nje kuna maiti, inaongeza spidi karibu mara mbili ili usikie ushuke ukaangalie.

We umeweka LED. Kila moja inakula labda wati 3 (usiangalie boksi limeandikwa wati 50, ingekuwa inakula wati 50 kweli usingeweza kuishika). Mbili ni 6, jumlisha na ile ya ubavuni 5, unapata 11, haifiki hata ampea moja. Kwa hesabu za flasha globu zako zote mbili kubwa zimeungua! Kwa hiyo inakimbia. Inafanya kazi yake sawasawa kabisa.

Sasa hivyo vidude vya dhahabu. Hizo ni rezista, zilizojaa madukani ni za omu 6 na zimeandikwa wati 50. Kazi yake ni kula umeme bure ili flasha ione zile ampea ilizozizoea. Zinafanya hivyo kwa njia moja tu, kutoa joto. Injini ikiwa inaunguruma volti zinafika 14, gawa kwa omu 6 unapata ampea 2.3, na joto lake ni wati 32 na ushee kila indiketa inapowaka. Kile chuma cha mafundi redio cha kuchomelea risasi kina wati 30 au 40. Umeelewa? Fundi wako amekufungia vyuma vya kuchomelea risasi ndani ya taa afu akavifunika na kapeti. Ukikata kona sekunde 10 hakuna neno, kinapata moto kidogo kinapoa. Ila hazadi nusu saa, hata kama nusu ya muda taa inakuwa imezima, ile rezista inapita nyuzi 100, ukidondoshea maji yanachemka. Na ile wati 50 iliyoandikwa pale ni kama imebanwa kwenye chuma kinachopooza, sio ikining'inia hewani imezungushiwa seloteipu.

Simcheki mwenzangu. Mi mwenyewe zamani kidogo niliifunga kwenye Corolla ya mzee mmoja nikaibana na klipu ya plastiki kwenye plastiki ya taa, nikailipia taa nzima, na mzee hajawahi kurudi mpaka leo, akinikuta sokoni ananisalimia kwa kidevu.

Na kingine cha kuchekesha, watu wananunua LED ili kupunguza umeme, afu wanafunga rezista zinazokula umeme uleule. Ukifunga nne, moja kwa kila globu, ukiwasha hazadi rezista peke yake zinavuta ampea 9 na zaidi. Kama fyuzi yako ni ya 10 imekaa kwenye ukingo. Wakati mara nyingi ukiweka moja tu kwa upande flasha inaridhika.

Dawa yake ni kubadilisha flasha yenyewe. Zipo flasha za elektroniki zinazohesabu muda tu bila kujali umeme kiasi gani unapita, ukiweka LED, ukiweka globu, ukichanganya mbele globu nyuma LED, yenyewe inapiga mwendo uleule. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 2000 flasha iko chini ya dashibodi karibu na boksi la fyuzi. Washa hazadi, zima redio, fuata mlio kwa mkono, utaihisi inagonga kwenye vidole. Chomoa, hesabu pini, nyingi za Toyota ni pini 8, za magari ya zamani zaidi ni 3 au 2. Nenda nayo dukani mkononi. Usiende kusema "nipe flasha ya Noah", utapewa yoyote iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Na kwa zile za pini 3 soma herufi zilizoandikwa kwenye tako lake, B ni umeme unaoingia, L ni unaoenda kwenye taa, E ni athi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi ya gari), na kuna viwanda vinabadilisha mpangilio, B inakaa pa L, kwa hiyo linganisha na ya zamani kabla hujachomeka. Ukishaweka hiyo, ng'oa rezista zote, usiache hata moja eti ya akiba.

Kuna kitu kimoja unakipoteza nikwambie mapema. Ile akili ya kukustua globu ikiungua inaondoka, flasha mpya itapiga tik tak yake kwa raha zake hata nyuma kote kukiwa giza. Kwa hiyo asubuhi kabla hujapakia, washa hazadi zunguka gari. Konda wako anaweza kufanya hiyo kazi badala ya kupiga kelele tu.

Haya, sasa kwa nini zilikuwa zinaungua, maana kwangu mimi hili ndo swali lako la kweli na LED imekuja kulifunika tu. Umesema ya nyuma kushoto. Zingekuwa zinaungua zote ningekwambia kapime chaji, injini ikiwaka mita isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi, ikipita 15 regyuleta ya altaneta, ile inayodhibiti chaji, imekufa na inachoma kila kitu, na LED nazo itazichoma, tena haraka kuliko globu. Ila ni moja tu. Globu ni uzi mwembamba wa tangsteni unaning'inia, ukiwa wa moto ni laini, sasa holda ikiwa imelegea au taa nzima imelegea kwenye bodi, kila shimo uzi unatingishwa mpaka unakatika. Shika globu mpya ikiwa kwenye holda uitingishe, ikicheza umepata mchawi wako. Pili ni maji. Angalia ule mpira unaozunguka taa, ukiwa umekakamaa au umepasuka, mvua za kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili zinaingia ndani, tone la baridi likigusa kioo cha moto kinapasuka. Ukiona ukungu ndani ya lenzi usiendelee kutafuta. Ile habari ya kwamba usishike globu kwa vidole ni ya globu za halojeni za taa kubwa, hizi za wati 21 shika tu.

Fungua ile taa, banisha meno ya holda na koleo ndogo, sugua kutu, safisha pale waya wa athi unapofungwa kwenye bodi mpaka uone chuma cheupe, badilisha mpira. Afu amua. Ungekuwa mteja wangu ningekurudishia globu za kawaida na flasha yako ya mwanzo, uendelee kula barabara. Ila kama unazitaka LED, flasha mpya, na zile waya zilizoyeyuka usizizungushie seloteipu juu ya jeraha, kata kipande chote, unga waya mpya, chomelea kwa risasi na uvalishe mpira wa kusinyaa kwa moto.

Swali: Mambo fundi, mi ni mwalimu niko Ujiji, naendesha IST. Kaka yangu kaniletea globu za LED nyeupe za indiketa. Nimeweka mwenyewe kwa kuangalia video, upande wa kulia zinawaka, kushoto ya mbele haiwaki kabisa. Nimeibadilisha na ya kulia, hiyohiyo inawaka huko kulia. Soketi imeungua? Na kuna mtu kaniambia trafiki watanikamata kwa hizo nyeupe, ni kweli?

Jibu: Poa mwalimu, na hongera kwa kujaribu mwenyewe, hiyo ya kuihamisha upande wa pili ni kipimo ambacho mafundi wengine hawakikumbuki.

Soketi nzima. LED ni diodi, umeme unapita upande mmoja tu, ukija kinyume inagoma. Globu ya uzi haijali chanya iko wapi. Hizo za kubana zisizo na chuma kwenye kitako zinaingia pande zote mbili, kwa hiyo ichomoe, igeuze mbele nyuma, irudishe, itawaka. Ukikutana na zile za kuzungusha zenye kitako cha chuma hizo haziingii kinyume, zikigoma tatizo ni lingine. Na hapo hapo uangalie kitako, zile za kuzungusha zenye kioo cha chungwa vijipini vyake havijakaa mkabala, kimoja kimesogea kidogo, makusudi kabisa ili mtu asiweke nyeupe pasipotakiwa. Nimeona mtu kakisaga kwa tupa ili iingie!

Kuhusu rangi, huyo mtu anakwambia kweli. Kwa magari yetu haya ya Japani indiketa ni rangi ya chungwa, mbele na nyuma. Marekani ndo wanaruhusu nyuma iwe nyekundu, lakini IST yako haijatoka Marekani. Kama lenzi yako haina rangi na ndani umeweka nyeupe, unaashiria kwa nyeupe, na mtu akikuona kwa mbali mchana pale Lumumba hajui kama unakata kona au unamuwashia taa apite. Kama lenzi yenyewe ni ya chungwa, nyeupe ya LED nayo sio nzuri, maana nyeupe yake imetengenezwa kwa bluu iliyopakwa poda ya njano, lenzi inaikata ile bluu yote na kilichobaki kinakuwa cha kufifia. Nunua LED ya chungwa yenyewe. Na chagua iliyo na vijitaa kuzunguka pembeni kote, sio usoni tu, kwa sababu kile kioo cha ndani ya taa kilipangwa kupokea mwanga kutoka kila upande wa globu. Ukishafunga, saa 7 mchana jua likiwa kali mwambie mtoto asimame hatua 30 akwambie kama anaiona. Asipoiona rudisha ya zamani, haijalishi uliinunua bei gani.

Zile nyeupe za kaka usitupe, zinafaa taa ya rivasi kama kitako kinaingiliana.

Swali: Nina gari ya Ulaya ya 2014, nimetafuta flasha wiki nzima siioni, nikiweka LED dashibodi inaandika globu imekufa. Niko Uvinza.

Jibu: Hutaiona kaka, haipo. Gari hizo kompyuta ya bodi ndo inayokata na kurudisha umeme, na ule mlio wa tik tak unausikia ni spika imewekwa ili usione upweke. Kompyuta inapima kila globu peke yake. Kuna LED zimeandikwa CANBUS, yaani zimetengenezwa ili kompyuta isilalamike, zina rezista ndani yake ileile tuliyoisema kule juu, sasa moto wote unakaa ndani ya globu yenyewe na LED haipendi moto, ndo maana nyingi zinakufa mapema. Njia safi ni kompyuta iambiwe kwa mashine kwamba hapa kuna LED, na sio kila gari inakubali. Ushauri wangu acha globu za kawaida. Kama hela inakuwasha mfukoni weka LED kwenye taa za breki, huko kuna faida ya kweli kidogo, kwa sababu uzi wa globu unachelewa kupata moto kama sekunde 0.2 na LED inawaka papo hapo, anayekufuata na spidi 80 anapata kama mita 4 za ziada za kukanyaga breki. Lakini hata huko kompyuta inaweza kulalamika, ijaribu dukani kabla hujalipa.

Swali: Fundi mimi bodaboda wa Mwandiga, nimebadilisha indiketa zote nne za pikipiki nikaweka LED nyembamba zile. Mwanzo zikawa zinawaka tu hazipepesi, nikaweka flasha ya LED zikapepesa, ila sasa nikiwasha kushoto zinapepesa zote nne, nikiwasha kulia zote nne. Nimekuwa kama nimewasha hazadi muda wote, abiria wananicheka.

Jibu: Hapo kwanza umefanya vizuri. Flasha za zamani za pikipiki zinahitaji umeme wa globu mbili za wati 10 ndo zifanye kazi, LED zinampa umeme mdogo anabaki amelala.

Hilo la zote nne nakuhakikishia dashibodi yako ina kataa (taa ndogo) kamoja tu ka indiketa, sio viwili vya kushoto na kulia. Ni kweli? Hako kataa mguu wake mmoja umeungwa kwenye waya wa kushoto na mwingine kwenye waya wa kulia. Ukiwasha kushoto umeme unapita kwenye hako kataa unaenda kutafuta athi kupitia globu za kulia. Zamani globu za kulia zilikuwa haziwaki kwa sababu ule umeme ni mdogo, kwa uzi wa wati 10 ni sawa na kumwagia ndoo nzima kijiko cha maji. Kwa LED kijiko ni mlo kamili. Zinawaka.

Dawa ni diodi mbili, zile nyeusi ndogo zenye mstari wa rangi ya fedha, namba 1N4007, mafundi redio wanazo hata kwenye mabodi mabovu. Chomoa waya zote mbili kwenye kile kitaa. Waya wa kushoto unga diodi, wa kulia unga diodi, ncha zenye mstari zikutane pamoja ziingie mguu mmoja wa kitaa, mguu wa pili peleka athi. Umeme unaenda kwenye kitaa kutoka pande zote mbili lakini hauwezi kuvuka kwenda upande wa pili. Kama hicho kitaa chenyewe nacho ni LED angalia usikifunge kinyume. Valisha mpira kila maungio maana kule ndani ya kichwa cha pikipiki waya zinasuguana ukikata usukani, na ukiacha chuma wazi itakuja kugusa fremu usiku uko na abiria.

Ukishindwa njoo gereji Mwanga, diodi ninazo kopo zima, ila njoo baada ya saa 10 jioni, asubuhi niko bandarini na lori la watu limegoma kuwaka.